Mpango wa Rasilimali Hauanzii Mkutanoni

Kwa miaka mingi nimekuwa mwezeshaji wa mipango ya matumizi bora ya ardhi, hasa katika vijiji ambako wakulima na wafugaji wanaishi pamoja. Maafisa wapya wa halmashauri huniuliza: tuwashirikishe vipi wananchi? Nawajibu kwamba ukifika kijijini na ramani iliyokwisha kuchorwa, umechelewa. Mkutano mkuu utaitishwa, akidi itatimia, mikono itanyooshwa na muhtasari utagongwa muhuri. Lakini wananchi wameachiwa kukubali au kukataa tu, na mimi siwezi kuita hilo kupanga.

Anza na majira. Nenda Kiteto, wilaya ya wafugaji na wakulima mkoani Manyara, Tanzania, wakati wa mvua, utakuta majani kila upande na kila utakayemuuliza atasema malisho yanatosha. Rudi Septemba au Oktoba, malambo yakiwa yamekauka, ndipo utaona ni nani hasa anategemea bonde lipi, ametoka kijiji gani, na anapita kando ya shamba la nani kuyafikia maji. Mara nyingi mtu huyo hayumo kwenye daftari la wakazi wa kijiji unachokipangia. Mtafute. Zungumza na wazee wake wa kimila kabla hujazungumza na mtu wa kupima mipaka, kwa sababu kigingi kikishasimikwa, kila neno analosema linaonekana ni uchokozi.

Sheria yenyewe inaruhusu kutazama mbali kuliko kijiji kimoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 11, inavipa vijiji nafasi ya kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Huko huko Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliitumia nafasi hiyo kutenga eneo la pamoja la malisho, linalojulikana kama OLENGAPA. Ng'ombe hafuati mpaka wa kijiji, wala mto haufuati. Kama unapanga bonde zima au ushoroba, yaani njia ya wanyamapori, viketishe vijiji vya juu na vya chini pamoja tangu siku ya kwanza. Usivipange kimoja kimoja kisha uunganishe karatasi ofisini.

Halafu kuna suala la nani anachora. Hapa nawasihi msiwe na haraka. Waacheni watu wachore rasilimali zao chini, kwa kijiti, mawe na majani, na makundi yakae mbalimbali: wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Wanaume huanza na mipaka, majosho na mashamba. Wanawake huchora chemchemi ndogo isiyo na jina kwenye ramani yoyote, kichaka cha kuni, mti wa dawa, na njia ambayo wanaogopa kuipita jioni. Ramani hizo ziwekwe pamoja na wenyewe wabishane kabla mtaalamu hajafungua mdomo. Nimeona eneo lililokuwa limependekezwa kuwa mashamba mapya likibadilishwa papo hapo, baada ya akina mama kuonyesha kwamba ndiko maji ya mwisho ya kiangazi yanakopatikana. Muda wa kikao nao uzingatiwe. Saa nne asubuhi inamfaa afisa mwenye gari la kurudi mjini. Mama aliye njiani na ndoo hawezi kuwapo.

Mwenye shaka kama ujuzi wa wenyeji una uzito wowote aitazame Shinyanga. Miti ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya pamba na kupambana na mbung'o, na uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 ukavuruga utaratibu wa kale wa ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza ili ifunguliwe kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni nguvu kubwa ilikwenda kwenye miche ya vitalu. Mambo yalibadilika pale ngitili, jambo ambalo Wasukuma walilijua tayari, ilipopewa nafasi ya mbele, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Kuhusu posho nitasema kifupi: ilipwe kwa uwazi na kwa kiwango kimoja, la sivyo orodha ya washiriki itaandikwa na wachache, kwa ajili ya wachache.

Linaloniumiza zaidi ni bajeti. Mwongozo wetu wa mipango ya ardhi ya vijiji una hatua sita, na fedha nyingi huishia ya nne, ramani ikishapitishwa. Hatua ya tano na ya sita, yaani hatimiliki za kimila, utekelezaji na usimamizi, huachwa kwa kamati isiyo hata na nauli ya kwenda wilayani kufuatilia sheria ndogo zake. Ukiwa unaandika andiko la mradi leo, tenga fungu la hatua hizo mbili kwanza, kisha ugawe kinachobaki. Na kabla hujaondoka kijijini, hakikisha nakala ya mpango, kwa Kiswahili, imebandikwa ofisi ya kijiji na katika kila kitongoji, na kikao cha kuupitia upya kimepangiwa mwezi wa kiangazi kijacho, wafugaji wa vijiji jirani wakiwa wamealikwa kwa barua.