Monita pana ya inchi 34: niliyojifunza baada ya kununua mara mbili

Nahariri video. Harusi, sendofu, kipaimara, mara mojamoja tangazo la biashara. Usiku, watoto wakishalala, naendesha lori kwenye gemu ya kompyuta, Euro Truck Simulator 2. Vyote hivyo nilivifanya miaka mingi kwenye kioo cha inchi 22, hadi nilipoamua kutafuta monita pana, ile ndefu ya mlalo yenye uwiano wa 21 kwa 9 badala ya 16 kwa 9 tuliyoizoea. Nilinunua mara mbili, na ya kwanza nisingeinunua kama ningeuliza dukani ina pikseli ngapi, yaani nukta ndogo zinazounda picha.

Mimi nilishika neno "inchi 34" peke yake. Kumbe ziko za aina mbili. Kuna yenye pikseli 2560 kwa 1080, na kuna yenye 3440 kwa 1440. Kwa nje huwezi kuzitofautisha, ila ya kwanza ina pikseli kama 82 katika kila inchi, na ya pili karibu 110. Ukiwa umekaa kwenye kochi unaangalia filamu, haikusumbui. Ukiwa umbali wa sentimita 70 unasoma vijina vidogo vya klipu, herufi zinaonekana zina meno pembeni, na jioni macho yanauma. Halafu kuna jambo lililoniumiza zaidi: kwenda juu ni pikseli 1080, sawasawa na kioo changu cha zamani. Taimlaini, ule ukanda wa kupangia klipu, ilirefuka, lakini tabaka za picha na sauti nilizoziona kwa mpigo mmoja zilibaki zilezile. Baada ya miezi minane niliiuza kwa hasara nikaanza kuweka akiba upya.

Hesabu hiyo ya pikseli kwa inchi ifanye kwa kila monita utakayoonyeshwa, hasa zile kubwa zinazovutia. Inchi 45 yenye 3440 kwa 1440 inakurudisha kwenye pikseli 83 hivi. Kwa gemu ni tamu sana, kwa maandishi ya kutwa nzima siishauri. Inchi 49 yenye 5120 kwa 1440 ni sawa na kuunganisha monita mbili za inchi 27 bila mpaka katikati, na herufi zake ni safi, lakini inakula kama sentimita 120 za meza. Yangu ya sasa, inchi 34, ina upana wa sentimita 80. Kwenda juu inalingana na inchi 27 ya kawaida, kwa hiyo shingo haipati shida.

Chukua futi ya fundi upime meza kabla ya kutoka nyumbani. Na si upana tu. Stendi za monita hizi zina miguu mirefu inayoisogeza mbele, na meza yenye kina cha sentimita 50 itakuweka karibu mno. Mimi nilifunga mkono wa chuma kwenye ukingo wa meza, ndipo nikapata nafasi ya kibodi na daftari.

Kuhusu aina ya kioo, yaani VA, IPS au OLED, niliteseka kuamua. Paneli za VA zina weusi mzuri kuliko IPS, lakini nyingi za bei nafuu huacha kivuli kitu cheusi kinapotembea. Kwenye barabara ya usiku ndani ya gemu utakiona. OLED haina tatizo hilo na picha yake inapendeza kuliko zote, ila mtu anayeacha vidirisha vilevile vya kazi mahali pamoja kwa muda wa saa nane kila siku ana hatari ya alama kubaki kwenye kioo. Nilichagua IPS kwa sababu ya rangi: ngozi ya bibi harusi haibadiliki nikisogea kushoto au kulia. Mpindo wa kioo nao una namba. 1800R maana yake ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.8, na 1000R ni mita moja, yaani mpindo mkali zaidi. Anayechora ramani za nyumba au nembo achukue mpindo mdogo, au usiwepo kabisa, kwa sababu mistari iliyonyooka huonekana imepinda.

Usisahau mashine yenyewe. 3440 kwa 1440 ni pikseli karibu milioni 5, wakati 1920 kwa 1080 ni milioni 2 na kidogo. Kadi ya grafiki inayojitahidi kufikia fremu 60 kwa sekunde kwenye kioo cha kawaida italemewa hapa. Na angalia waya: HDMI 1.4 itaishia kwenye hezi 50 au 60 (idadi ya mara picha inavyobadilishwa kwa sekunde), HDMI 2.0 kwa kawaida 100, DisplayPort 1.4 inafika 144 na kuendelea. Baada ya kuchomeka, ingia mwenyewe kwenye mipangilio ya Windows uichague hezi ya juu, maana wengi huacha 60 bila kujua.

Anayecheza kwa PS5, mashine ya gemu ya Sony, asinunue monita hii kwa ajili hiyo. Mashine hiyo haitoi picha ya 21 kwa 9, utabaki na weusi pande zote mbili. Hata kwenye kompyuta kuna gemu kubwa kama Elden Ring zisizoikubali rasmi. Kwa malori, ndege na mbio za magari, hapo ndipo utafurahi: vioo vya pembeni vyote viwili viko machoni pako bila kugeuza kamera.

Ukienda kununua, hasa ya mtumba, beba kompyuta yako na waya wako. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, utafute nukta zilizokufa na alama zilizoganda. Ya nyeusi iangalie pembeni taa za duka zikiwa zimezimwa. Muuzaji mkweli atakubali kuzima taa.

Bajeti ya UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, iwe ndani ya bei ya monita. Monita yangu nimeiunganisha na ya kwangu, na juzi umeme ulipokatika katikati ya kutoa video ya saa mbili, nilipata dakika za kusimamisha kazi na kuzima taratibu.