Umechoka kujichoma na unafikiria pampu? Soma hii kwanza

Mkuu umeuliza kama uachane na peni ya insulini (ile sindano yenye umbo la kalamu) uhamie kwenye pampu, kale kamashine unakovaa kanakoingiza insulini mwilini, kwa sababu umechoka kujichoma mara nne kwa siku. Mimi nina kisukari aina ya kwanza, nilianza na bomba la sindano na kichupa, nikaja peni, sasa hivi niko na pampu, kwa hiyo nasema nilichokiona mwenyewe. Dozi ongea na daktari wako.

Wengi wanadhani pampu inapima sukari halafu inaamua yenyewe. Hapana, ile ya kawaida inasukuma tu insulini ya haraka kidogo kidogo saa 24, na ukitaka kula unahesabu wanga wako unabonyeza. Zipo zinazopokea namba kutoka kwenye sensa (kifaa cha kwenye ngozi kinachopima sukari muda wote) na kujirekebisha, kiukweli usiku zinasaidia sana, ila hata hizo nyingi chakula bado unaingiza mwenyewe.

Sasa kinachonikera ni kwamba hili halisemwi vizuri. Ukiwa na peni unachoma pia ile insulini ya muda mrefu, kwa hiyo hata ukisahau ya chakula kuna akiba mwilini. Kwenye pampu akiba hiyo hamna. Kanula, yaani kale kamrija kanakobaki chini ya ngozi, ikijikunja umelala, ndani ya masaa machache insulini imeisha na ketoni (asidi ambazo mwili unatengeneza ukikosa insulini) zinapanda. Ilishanikuta, nimeamka alfajiri mdomo mkavu, kichefuchefu, mita ya sukari inasoma 19 mmol/L, juu sana, ukiangalia skrini ya pampu iko poa tu wala haijapiga alamu. Kubandua plasta nakuta kanula imekunjika katikati na ngozi pale imelowa insulini. Nikapima ketoni, nikachoma dozi ya kurekebisha kwa PENI sio kwa pampu, ndo nikafunga seti mpya, yaani kanula na mrija wake. Ndo maana mwenye pampu peni haiachi nyumbani. Na kujichoma hakuishi bana, seti inabadilishwa kila siku 2 au 3 na sindano yake sio ndogo.

Kabla hujaikimbia peni hebu angalia unavyoitumia. Sindano ya milimita 4 inatosha watu wazima karibu wote, hata wenye miili mikubwa, kuna watu bado wanajichoma na ya 8 wanaumia bure. Piga yuniti 2 hewani kwanza uone tone, ukishabonyeza mpaka mwisho hesabu taratibu mpaka 10 ndo uchomoe, la sivyo dozi inabaki inadondoka kwenye ncha. Usiiache sindano imekaa kwenye peni, hewa inaingia.

Halafu pitisha vidole tumboni, ukikuta sehemu ngumu, imevimba kidogo kama mpira, pahame. Watu wanapapenda hapo kwa sababu hapaumi, ila insulini inanyonywa ovyo, leo uko juu kesho umeshuka na umekula kilekile. Ila angalia, ukihamia ngozi nzima dozi ileile inaweza kukushusha vibaya, siku hizo pima mara nyingi zaidi na mwambie daktari, mara nyingi dozi inapunguzwa.

Bomba la sindano nalo msilidharau, linafanya kazi vizuri tu ila lazima lilingane na insulini. Ukivuta insulini ya U-100 (yuniti 100 kwa mililita) kwa bomba la U-40 (lenye alama za insulini ya yuniti 40 kwa mililita) mpaka alama ileile umejichoma mara mbili na nusu ya dozi, hapo ni hatari kabisa.

Pampu naiona inamfaa mtu ambaye sukari inampanda alfajiri kila siku, maana unaipangia iongeze kuanzia saa tisa usiku ukiwa umelala, au anayeshuka shuka usiku, au mtoto anayehitaji vidozi vidogo ambavyo peni haiwezi kupima. Kama shida ni kuchoka sindano tu, mimi ningebaki na peni.

Hebu weka hapa namba zako za kulala na za kuamka za wiki hii, na useme unachoma wapi na wapi.