Mwalimu mmoja, masomo mawili, kisanduku kimoja

Kazi yangu ya kwanza ya kanzidata ilikuwa orodha ya walimu wa sekondari. Kwa kawaida mwalimu wa sekondari huku kwetu Tanzania ana masomo mawili: Historia na Kiswahili, Fizikia na Hisabati, Biolojia na Kemia. Nikafungua Microsoft Access, programu ya kuunda kanzidata, nikaunda jedwali la Walimu, na nilipofika kwenye safu (kolamu) ya Masomo programu ikaniuliza kama naruhusu thamani zaidi ya moja. Nikakubali upesi, kama mtu aliyeulizwa kama anaongezewa chai. Ikatokea orodha safi yenye visanduku: unatia tiki Kiswahili, unatia tiki Historia, unafunga, na kwenye jedwali unaona "Historia, Kiswahili". Bosi alifurahi. Mimi nilifurahi hadi siku nilipotakiwa kutoa ripoti.

Wewe unayeanza leo utakutana na safu hizi, hata kama hutaziunda mwenyewe, kwa sababu aliyekutangulia kwenye hicho kiti alikubali upesi kama mimi. Ziliingia na Access 2007, pamoja na mafaili ya aina ya accdb, hasa ili Access iweze kuongea na orodha za SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kushirikiana data mtandaoni. Na ukishahifadhi safu ikiwa imeruhusiwa thamani nyingi, huwezi kurudi kuizima.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba kile unachokiona, yale maneno yenye mkato katikati, hakipo. Hakuna mahali palipoandikwa "Historia, Kiswahili". Nyuma ya pazia Access imeunda jedwali jingine, imelificha, na kila tiki ni mstari mmoja humo. Tena kilichohifadhiwa kwa kawaida ni namba ya somo, si jina lake. Ndiyo maana ukiandika kweri (swali unaloiuliza kanzidata) ya kutafuta Masomo = "Kiswahili" utaambiwa safu ya thamani nyingi haitumiki kwenye WHERE, yaani sehemu ya sharti. Ukijaribu kupanga au kuweka makundi kwa safu hiyo, unagombezwa vilevile.

Ufunguo wa jedwali lililofichwa ni neno Value, linalofuata jina la safu baada ya nukta:

SELECT Jina, Masomo.Value FROM Walimu WHERE Masomo.Value = 4;

Hapo 4 ni namba ya Kiswahili kwenye jedwali la masomo. Ukiacha Value kwenye SELECT, kila mwalimu anakaa mstari mmoja na masomo yake yamebanana. Ukiiweka, kila somo linapata mstari wake na jina la mwalimu linajirudia. Njia zote mbili ni halali, ila ujue umechagua ipi. Nilihesabu walimu kwa kweri yenye Value nikapata 127, na shuleni walikuwapo 64. Nilikuwa nimehesabu masomo, si watu. Kilichonistua ni ile moja iliyopungua, maana 64 mara mbili ni 128. Nilipoitafuta nikakuta mwalimu mmoja ambaye somo lake la pili halikuwahi kuingizwa. Kosa likazaa faida, lakini usilitegemee.

Ukitaka wanaofundisha Fizikia na Hisabati kwa pamoja, usiandike Value = 7 AND Value = 9. Mstari mmoja hauwezi kuwa na namba mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo utapata patupu. Uliza mara mbili, kisha uunganishe majibu:

SELECT Jina FROM Walimu WHERE MwalimuID IN (SELECT MwalimuID FROM Walimu WHERE Masomo.Value = 7) AND MwalimuID IN (SELECT MwalimuID FROM Walimu WHERE Masomo.Value = 9);

Mtego huohuo uko kwenye kukanusha. Value <> 7 (yaani si 7) haimaanishi "asiyefundisha Fizikia". Mwalimu wa Fizikia na Hisabati ataletwa vizuri tu, kwa sababu ule mstari wake wa Hisabati si 7. Tumia NOT IN kwa mtindo huo wa hapo juu.

Kuongeza thamani kuna sarufi ya ajabu, ambayo mtu aliyezoea SQL (lugha hii ya kuandikia kweri) ya kwingine ataiona kama kosa la uchapaji, INSERT yenye WHERE:

INSERT INTO Walimu (Masomo.Value) VALUES (4) WHERE MwalimuID = 17;

Haiongezi mwalimu. Inamwongezea somo mwalimu namba 17, ambaye lazima awepo tayari. Usijaribu kuchanganya jina la mwalimu na masomo yake kwenye INSERT moja, utakataliwa. Ingiza mtu kwanza, kisha somo mojamoja. Kubadilisha ni rahisi zaidi: UPDATE Walimu SET Masomo.Value = 9 WHERE Masomo.Value = 5. Ila kama mtu alikuwa na 5 na 9 zote, Access itagoma, maana thamani hairuhusiwi kujirudia kwa mtu mmoja. Hao watafute kabla, uwafutie ile 5.

Na hapa kwenye kufuta ndipo nilipolia. Somo la Kilimo lilikuwa limetiwa tiki kimakosa kwa walimu tisa. Nikaandika:

DELETE * FROM Walimu WHERE Masomo.Value = 11;

Access ikaniuliza kwa adabu: unakaribia kufuta mistari 9, uendelee? Tisa ndiyo idadi niliyoitarajia, nikabonyeza ndiyo kwa kujiamini. Walimu tisa wakaondoka: majina, namba za simu, tarehe za kuajiriwa, kila kitu. Nilichotakiwa kuandika ni hiki:

DELETE Walimu.Masomo.Value FROM Walimu WHERE Walimu.Masomo.Value = 11;

Kinachofuata neno DELETE ndicho kinachoamua kama unafuta tiki au unafuta mtu. Onyo la Access halitakusaidia kutofautisha, kwa sababu hesabu ni ileile. Niliwarudisha wale tisa kutoka kwenye faili la karatasi, jioni nzima, mwenzangu akinisomea huku nikiandika. Tangu siku hiyo sigusi DELETE kabla ya kunakili faili zima kwenye folda nyingine.

Ukifika kwenye VBA, lugha ya kuandikia programu ndani ya Access, wazo ni lilelile. Thamani ya safu ya Masomo yenyewe ni rekodiseti (seti ya mistari) ndogo ndani ya kubwa. Unaanza Edit kwenye kubwa, unafanya AddNew na Update kwenye ndogo, halafu Update kwenye kubwa. Ukisahau ile Update ya mwisho, kazi yako yote haihifadhiwi.

Ukiniuliza kama wewe nawe uziunde safu hizi, nitasema hapana, isipokuwa data yako inaishi SharePoint. Siku ofisi itakapohamia SQL Server, kanzidata kubwa zaidi ya Microsoft, utakuta huko safu ya aina hii haipo, na utalazimika kuunda jedwali la kati uliloliepuka mwanzoni. Uzuri ni kwamba kuhamisha masomo yenyewe si kazi kubwa. Unda jedwali WalimuMasomo lenye MwalimuID na SomoID, kisha:

INSERT INTO WalimuMasomo (MwalimuID, SomoID) SELECT MwalimuID, Masomo.Value FROM Walimu WHERE Masomo.Value Is Not Null;

Kwangu jedwali jipya lilitoka na mistari 128, maana yule mwalimu wa somo moja nilikuwa nimeshampigia simu. Ni Jiografia.