Mwanangu, kuhusu yule Peter Gabriel

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Kwenye ile voisi ya juzi usiku umeniuliza kwanini Peter Gabriel, yule mwimbaji wa Genesis niliyekuwa nampiga sana kwenye deki ukiwa mdogo, aliacha bendi aliyoianzisha mwenyewe wakati ndo kwanza inashika moto, na kama hakujuta. Nimeisikiliza mara tatu maana nyuma yako nasikia mtoto analia, na najua hujauliza kwa ajili ya mzungu, unauliza kwa ajili yako na bendi yako.

Iko hivi. Genesis waliianzisha wakiwa wanafunzi pale Charterhouse, Uingereza, 1967. Progresivu roki ni mziki wa kukaa chini na kusikiliza, kibao kimoja kama Supper's Ready cha 1972 kinakula dakika 23, na jamaa akawa anatokea jukwaani na gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, wenzake hata hakuwaambia kabla. Watu wakaanza kujaa. Sasa 1974 wako katikati ya kutengeneza albamu ya santuri mbili, mashairi karibu yote anaandika yeye, mkewe akajifungua binti kwa shida kubwa, mtoto akawekwa kwenye chupa, ile mashine ya joto ya hospitali, wiki kadhaa. Bendi iko Wales, mtoto yuko London, yeye ni njiani tu, huku wanamnunia kwamba anachelewesha kazi na huku roho yote iko wodini. Miaka mingi baadaye wenzake walikiri wenyewe kwamba hawakumsaidia kipindi kile.

Hapa soma taratibu. Aliwaambia Novemba 1974 kwamba anaondoka, ziara ndo imeanza, lakini hakuwaacha solemba, akapiga shoo karibu 100 mpaka Mei 1975 ndo akatua mzigo. Akarudi nyumbani, akawa analima mboga na kujifunza piano na kulea. Mwaka 1977 akatoa wimbo wa Solsbury Hill, unazungumzia huko kuondoka kwake, na ukijaribu kuigongea meza moja mbili tatu nne inakukataa, inaenda saba, nimekaa na hiyo ngoma miaka na bado mkono wangu unapotea.

1980 akaimba Biko, kumlilia Steve Biko, mpigania haki wa Afrika Kusini aliyefia mikononi mwa polisi wa makaburu. 1982 akaanzisha tamasha la WOMAD kuleta wanamuziki wa dunia nzima, likamtia kwenye madeni mabaya sana, na unajua nani walikuja kumtoa? Genesis. Oktoba ya mwaka huo huo walipanda naye jukwaani Milton Keynes, mvua inanyesha, hela ikaenda kulipa deni. Hiyo ndo sehemu inayonigusa kuliko hata kibao chake Sledgehammer cha 1986, ambacho Marekani kiliingia namba moja kwa kuitoa ngoma ya Genesis hao hao.

Na bila yeye kuondoka sijui kama tungekuwa na ile kanda ya Remmy. Lebo yake ya Real World ndo ilimrekodi Remmy Ongala wetu, na baadaye mzee Hukwe Zawose. Sisi tuliokuwa tunamwona Remmy Sinza tulishika kava lile kama cheti, nikasoma maandishi madogo ya nyuma mpaka nikajua lebo ni ya nani, na kuanzia hapo nikamtafuta Gabriel.

Kwa hiyo sioni kama alijuta, na wewe sikuzuii. Hao wanaokununia ukienda kliniki na mtoto waambie sasa hivi, usingoje ugomvi, halafu shoo zote mlizochukulia advansi uzimalize, hata ile ya Morogoro. Hela ya miezi miwili mitatu nitaongezea mimi.

Mama yako kakata tiketi ya basi la Ijumaa asubuhi, kampokee stendi ya Magufuli. Kabeba unga wa lishe, na kanda ya Remmy nimeifunga ndani ya khanga yake, usiipige kwenye deki mbovu itaimeza.

Baba