Je, barabara zisizopenya zitaunganika jiji likikua?

SWALI: Katika mitaa ya kale ya jiji letu mtu hupita kwa njia nyingi, lakini katika mitaa mipya ya pembezoni barabara nyingi hazipenyi, na kumfikia jirani wa nyuma ya nyumba hulazimu kuzunguka hadi barabara kuu. Je, jiji likizidi kukua, njia hizi zitakuja kuunganika?

JIBU: Kwa kawaida haziunganiki zenyewe. Nyumba hubomolewa, ghorofa huongezeka na wamiliki hubadilika, ilhali mstari uliochorwa na mpimaji wa kwanza hubaki palepale, kwa kuwa kila upande wake una viwanja vyenye hati. Mpango wa barabara za Manhattan, kisiwa kilicho kitovu cha jiji la New York, wa mwaka 1811 ulichorwa wakati sehemu kubwa ya kisiwa hicho ingali mashamba, nao ndio unaotawala barabara zake nyingi hadi leo.

Wataalamu hupima muunganiko kwa kuhesabu njia zinazokutana mahali pamoja: njia panda ya pande nne hupewa 4, ya pande tatu 3, na mwisho wa barabara isiyopenya 1. Wastani ukishuka, safari za miguu hurefuka na magari yote husukumwa kwenye barabara kuu chache. Nchini Marekani mitaa mipya ilizidi kukosa muunganiko kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na mwelekeo huo uligeuka katika miaka ya 1990 tu. Radburn, mtaa wa New Jersey ulioanzishwa mwaka 1929, ulikuwa kielelezo cha barabara fupi zisizopenya. Lakini wenyewe ulikuwa na njia za miguu zilizopita katikati ya bustani, na wengi walioiga waliziacha, jambo ambalo naliona kuwa hasara kubwa.

Kuunganisha baadaye kunawezekana, ila kwa gharama nzito: Haussmann, afisa wa serikali ya Ufaransa, alipofungua barabara pana za Paris kati ya 1853 na 1870, nyumba nyingi zilibomolewa na wakazi, hasa maskini, wakahamishwa. Kwa mtaa wenu, kilicho rahisi zaidi ni kuomba njia ya miguu kati ya viwanja viwili. Kama shamba la jirani bado halijapimwa, ombeni mapema kwamba barabara zenu ziendelezwe ndani yake, kwani uzio ukishajengwa mazungumzo yatakuwa ya fidia.