Nyimbo tisa, siku tano za studio: mrekodi pamoja au mmoja mmoja?

Mkuu, umeuliza kama bendi ya roki ya watu wanne inayotengeneza albamu yake ya kwanza ipige wote pamoja au kila mtu arekodi peke yake. Pigeni wote pamoja, ila mnachobakiza ni dramu na besi tu. Gitaa na sauti za awamu hiyo ni za kuongozea, mtazirudia.

Siku tano zinatosha iwapo nyimbo zimekwisha kabla hamjakanyaga studio. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa karibu yote kwa siku moja, Oktoba 1969, London, kwa vile nyimbo zile walikuwa wamezizoea jukwaani. Bendi inayobishana studio kuhusu urefu wa kiitikio inalipia mazoezi kwa bei ya studio.

Kwa hiyo rekodini mazoezi kwa simu, kisha mwandike kwa kila wimbo: kii (noti ambayo wimbo umesimamia), mapigo kwa dakika, kila sehemu inarudiwa mara ngapi. Kasi aamue mwimbaji. Maneno ya beti yakimtoka kwa kukimbizana, shusheni mapigo mawili au matatu. Mpiga dramu aanze leo kufanya mazoezi na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) masikioni, kwa sababu asiyeizoea huiacha nyuma kwenye kiitikio na kuchelewa nyuma yake akirudi kwenye beti. Wimbo unaohitaji kupanda kasi, kliki yake ipangwe ipande. Mnaweza pia kuizima kabisa, lakini hapo kuunganisha vipande vya mikupuo tofauti (mkupuo ni kurekodi wimbo mara moja) kunakuwa kazi ngumu.

Siku ya kwanza yote ni ya dramu, na msione mnapotezewa muda. Dramu mbovu haiokolewi na miksi, yaani kazi ya kuchanganya sauti zote baadaye. Ngozi mpya zifungwe siku moja kabla, zikazwe, ziachwe, zikazwe tena, maana hulegea mwanzoni. Maiki nane zinatosha: moja ya dramu ya mguu, mbili za sneya, ile dramu ndogo yenye nyaya chini (juu na chini), mbili za tomu (dramu za kati), mbili za juu ya seti nzima na moja ya chumba. Zile mbili za juu mzipime kwa kamba kutoka katikati ya sneya, umbali uwe sawa. Usipokuwa sawa, sneya inafika kwenye maiki moja mapema, inaegemea upande mmoja na kukonda. Ya chini ya sneya igeuzwe wimbi (juu liwe chini) kwenye priampu, kifaa kinachokuza sauti ya maiki: fimbo ikipiga, ngozi ya juu inaikimbia maiki yake wakati ya chini inaisogelea ya kwake, kwa hiyo zikijumlishwa hivyo hivyo zinafutana na uzito unapotea. Rekodini kwa biti 24, vilele viishie karibu dB -10. Hakuna faida ya kukaribia sifuri, ambayo ndiyo kikomo, na sauti ikishapasuka hairudi.

Besi ichukuliwe njia mbili, waya wa moja kwa moja na maiki ya amplifaya. Sauti hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita, hivyo ile ya maiki itachelewa kidogo. Isogezwe ilingane na ya waya kabla ya kuzichanganya.

Kwenye gitaa, punguzeni mkwaruzo (distortion) kuliko mnaotumia jukwaani. Mkwaruzo mwingi unafuta mgongo wa rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia), na magitaa mawili yakikutana unabaki mvumo tu. Kila rifu nzito ipigwe mara mbili kwa mikono, moja iende kushoto kabisa na nyingine kulia. Kunakili ile ile na kuiweka pande zote hakusaidii, masikio yanaisikia katikati. Nyuzi mpya za jana, usahihi wa noti za gitaa shingo nzima ukaguliwe kwenye freti ya 12, na kutyuni kila baada ya mkupuo, narudia, kila mkupuo. Gitaa likisikika kali mno, msikimbilie vitufe: sogezeni maiki sentimita chache kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni.

Sauti msizirundike siku ya mwisho. Koo la mtu anayeimba roki huchoka baada ya saa chache, kwa hiyo nyimbo mbili au tatu kila jioni kuanzia siku ya pili, mikupuo mitatu au minne kila wimbo, kisha mchague mistari iliyo bora. Sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na chujio la pumzi mbele.

Msifanye miksi siku ya tano usiku, masikio yamechoka na kila kitu kinaonekana kinahitaji kuongezwa. Ondokeni na mafaili yote ya WAV yanayoanzia sehemu moja, kwenye diski mbili tofauti. Miksi ikienda kwa fundi wa masta (anayeikamilisha albamu kabla ya kutolewa), iende bila kubanwa sauti ili isikike kubwa.

Mkitaka pia sahani ya santuri, pangeni sasa: kwa kasi ya mizunguko 33 kwa dakika, upande mmoja wa inchi 12 unabeba vizuri dakika kama 20. Ukizidi sana, sauti inashuka na besi lazima ipunguzwe.