Maswali ya Wasomaji: Nianze na Amri Zipi?

SWALI: Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya wakulima wa kahawa, Moshi Vijijini. Kompyuta yetu ya ofisini imezeeka, na fundi ametuwekea Ubuntu badala ya Windows. Aliniachia karatasi yenye amri zaidi ya 40 za kuandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, akaniambia nizikariri. Naogopa kufuta mafaili ya malipo ya wakulima. Isitoshe, nikiandika baadhi ya amri, kompyuta hukaa kimya, nisijue kama imetii. Naomba mwongozo. – Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, karatasi hiyo iweke kando kwanza. Amri za kuanzia hazifiki hata 10, na la maana kuliko kuzikariri ni kujua ipi inatazama tu na ipi inabadilisha kitu. Amri ya pwd hukuonyesha folda uliyomo, ls huorodhesha yaliyomo ndani yake, na cd hukupeleka folda nyingine. Hizo tatu, ukiziandika kama zilivyo, haziwezi kufuta faili lolote, kwa hiyo zicharaze utakavyo mpaka vidole vizizoee. Kumbuka pia kwamba Linux, yaani mfumo ambao Ubuntu ni toleo lake mojawapo, hutofautisha herufi kubwa na ndogo: Malipo na malipo ni folda mbili tofauti.

Kimya unachokilalamikia ni habari njema. Amri za mkdir, cp na mv, yaani kuunda folda, kunakili na kuhamisha, zikifaulu hazisemi neno. Zikishindwa ndipo hulalamika. Desturi hiyo inatokana na Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs huko Marekani. Wakati ule watu waliwasiliana na kompyuta kwa mashine za chapa zilizochapa kwenye karatasi herufi kama 10 tu kwa sekunde, na kila neno lisilo la lazima lilimchelewesha mtu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama imetii, usisubiri ikwambie: andika ls ujionee mwenyewe.

Usijifunzie kwenye mafaili halisi ya wakulima. Unda folda ya mazoezi kwa mkdir mazoezi, kisha nakili folda nzima humo:

cp -r "Malipo ya Wakulima" mazoezi/

Alama za kunukuu ni za lazima kwa sababu jina hilo lina nafasi ndani yake; bila alama hizo, kompyuta itadhani umeitajia vitu vitatu. Njia nyepesi zaidi ni kuandika herufi chache za mwanzo wa jina na kubonyeza kitufe cha Tab, nayo kompyuta itakumalizia.

Sasa tuseme umeingia katika nakala hiyo kwa cd, ukathibitisha kwa pwd kwamba ndimo ulimo, na unataka mafaili yote kama "Malipo Oktoba 2022.pdf" yakae katika folda ya mwaka wake. Anza kwa kutazama:

ls *2022.pdf

Nyota inasimama badala ya herufi zozote. Ukiridhika na majina yaliyojitokeza, endelea:

mkdir 2022
mv -i *2022.pdf 2022/

Programu inayopokea amri zako, iitwayo Bash, huigeuza kwanza nyota kuwa orodha ya majina, kisha huikabidhi mv orodha hiyo. Ndiyo maana yale uliyoyaona kwa ls ndiyo yatakayohama. Alama ya -i huifanya kompyuta ikuulize kabla ya kufunika faili lenye jina lilelile. Ile ya mkwaju mwishoni nayo usiisahau, kwani ikikosekana, na folda ikawa haipo, faili lililo peke yake litabadilishwa jina na kuitwa 2022.

Amri ya kuihofu kwelikweli ni rm. Ile haipeleki faili kwenye pipa la taka. Hulifuta moja kwa moja. Tazama hatari yake: rm *.pdf hufuta mafaili ya PDF, lakini rm * .pdf, yenye nafasi moja tu baada ya nyota, hufuta mafaili yote ya kawaida katika folda hiyo, kisha hulalamika kwamba haikuona faili liitwalo .pdf. Kwa hiyo, kwa kazi ya ofisi, endelea kufuta kwa kipanya hadi utakapokuwa mzoefu, na hata hapo tumia rm -i. Amri yenye rm -rf (hufuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza), au inayoanza na sudo (huipa amri mamlaka ya msimamizi wa kompyuta), usiiandike mpaka fundi akueleze inafanya nini, na inafanyia folda gani.

Ukisahau matumizi ya amri, andika man ikifuatiwa na jina lake, mfano man cp. Maelezo huwa ya Kiingereza na marefu, lakini mistari ya juu mara nyingi hutosha, na herufi q hukutoa humo. Mshale wa juu hukurudishia amri uliyoandika awali, na amri iliyokwama husimamishwa kwa kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja.